Tanuri Linalofunguka Juu

Nikilikumbuka tanuri lile uso unaniwaka hata nikiwa peke yangu, na hasira inanipanda upya, kwa hiyo acheni niwaambie mara moja yaishe, na anayetaka kucheka acheke sasa.

Shangazi yangu Kemunto na wenzake wanafinyanga vyungu hapa Gesima. Mwaka huu walichanga, wakanituma mjini Kisii kuchagua tanuri la umeme, kwa sababu mimi ndiye kijana wao na nina nguvu za kubeba (si kwamba najua kuongea, watu wakiwa wengi ulimi wangu unakwama). Dukani kulikuwa na mawili. Moja lilikuwa na mlango mbele kama kabati, na lilisimama juu ya miguu yake. La pili lilifunguka juu, refu kama pipa. Nikawa natazama tu, na muuzaji, kijana mwenye nywele za mafuta, akasema mbele ya wateja:

"Wewe chukua la kabati, boss. Hilo la juu ni la watu wanaojua kazi."

Wateja wakacheka. Niliudhika mpaka masikio yakaniuma. Badala ya kumpigia shangazi simu nimuulize, nikaonyesha lile pipa kwa kidole, nikasema, "Hilo." Neno moja tu, ndilo lililonimaliza.

Siku ya kulizindua alikuja mama mwenye hoteli mjini. Alitaka kutuagiza vyombo vya hoteli nzima, lakini kwanza aone raku kwa macho yake, yaani chungu kinatolewa kikiwa chekundu na kutumbukizwa kwenye ndoo ya vumbi la mbao kishike moshi. Alikuja na mpishi wake, Mogaka, na huyo Mogaka ndiye aliyemwoa binti ya shangazi.

Tukazima umeme, nikafunua kifuniko, joto likatupiga. Shangazi, ambaye ndiye pekee aliyefundishwa kushika koleo, akasogea, akachungulia chini, kisha akasimama wima.

"Shangazi, vinapoa!"

"Niiname hivi mkwe wangu akiwa nyuma yangu?" akaninong'oneza kwa ukali. "Wewe hujui chinsoni, haya ya mkwe? Ungeleta la mlango wa mbele ningetoa nikiwa nimesimama, na heshima yangu."

Nikawatazama wale mama wengine, wote wakaangalia chini (mkwe wa mmoja kwetu ni mkwe wao wote). Mogaka mwenyewe alikuwa ameshaanza kutoroka kuelekea kwenye migomba, lakini bosi wake akamshika mkono akamrudisha. "Unaenda wapi? Njoo uone!" Maskini, akabaki amekodolea macho viatu vyake.

Nikanyakua koleo. Sikuwa nimewahi kulishika, na suruali niliyovaa ilikuwa ya zamani, ya kubana, niliivaa kwa sababu ya wageni. Nikainama, nikainama tena, kile chungu kikubwa kilikuwa chini kabisa, nikakibana, nikakiinua, na hapo suruali ikapasuka kutoka kiunoni mpaka gotini. Mkono mmoja ukakimbilia nyuma wenyewe. Koleo likaponyoka, chungu kikaangukia vyungu vingine, na nikasikia vyote vikivunjika humo ndani.

"Obe!" mama mmoja akasema. "Kumbe raku ndiyo hii?"

Walicheka wakashikana. Mwenye hoteli hakucheka. "Mkijua kuvitoa, mtaniita," akasema, akaingia kwenye gari. Tulipomwita baadaye, alikuwa ameshaagiza kwingine.

Nilirudi dukani wabadilishe. Yule muuzaji akasema tanuri likishawashwa halirudi, na akatabasamu. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Mogaka aliyeshindwa kusema ana homa, lakini nikifika kitandani nabaki na mimi tu, na kile kidole changu.

Sitachagua tena kitu cha mtu mwingine kwa ajili ya kumkomesha mtu wa tatu. Lakini tanuri lipo, na kila wakichoma, shangazi ananiita kwa upole unaoniudhi kuliko matusi:

"Njoo uiname, mwanangu. Si wewe ulilichagua?"