Mwasumini wa Mwantumu

Mwaka wa hamsini na nne, pale Miyomboni mjini Iringa, hakuna aliyejua kununa kama Mwantumu. Alianza siku mumewe Othmani, muuza nguo, alipomleta mke wa pili, Jaha, akampa chumba cha ng'ambo ya ua. Akazidi Othmani alipomwomba, kwa sauti ya asali, amkatie mwenzake kijiti cha mwasumini wake.

Mwasumini ule ulitoka Lindi kwa mama yake. Baridi ya Iringa ingeuua nje, kwa hiyo aliulea ndani, kwenye debe chini ya dirisha. Othmani alipenda asumini. Penye maua ndipo alipokaa. Mwantumu akakata kijiti kilichokonda kuliko vyote. Kisha, kwa ukubwa wake, akagawa maji: ya kisima yawe yake, Jaha akinge ya mvua kwenye pipa.

"Yana vumbi na mavi ya njiwa," alimwambia, "lakini wewe yatakutosha."

Kijiti cha Jaha kikashika, kikachanua tele, na Othmani akahamishia huko kahawa yake ya jioni. Mwasumini wa Lindi ukageuka manjano, ncha za majani zikaungua. Mwantumu akauzidishia maji ya kisima asubuhi na jioni, na kila aliposikia kicheko cha mumewe ng'ambo ya ua, roho ilimuuma. Akakata shauri kuwa Jaha ameuroga, kana kwamba mchawi hana kazi nyingine ila kuroga maua.

Siku moja alikuwa akikwangua kwa kisu birika la kuchemshia maji ya kisima, magamba meupe ya chokaa yakamdondokea miguuni. Akalitazama debe. Udongo ulikuwa na ukoko ule ule, mweupe, mgumu. Maji aliyojipendelea ndiyo yaliyokuwa yakiua mti wa mama yake.

Alinuna kutwa nzima. Jioni akachukua ndoo, akavuka ua. Jaha alikaa mlangoni, asumini kichwani.

"Nataka maji," alisema Mwantumu. "Ya mvua."

Jaha akachota mpaka ndoo ikajaa, akaibeba mwenyewe hadi dirishani.

"Toa kwanza huo ukoko, dada, uweke udongo mpya," alisema taratibu. "Nilikuwa nauona unavyoungua. Niliogopa ungesema nakusimanga."

Angesimanga ingekuwa nafuu. Mwantumu akamimina maji polepole, harufu ya nywele za mwenzake imemjaa puani, na wivu ukamkaba kuliko siku zote, maana sasa alikuwa hana hata kosa la kumshikia.