Orodha ya Michoro Mitatu

Niliondoka Kivaa kwa sababu mimi husoma polepole. Dada yangu Mutheu, mkemia katika maabara ya kutafuta dawa kule Athi River, alipiga simu akasema anahitaji mtu asiyeruka neno. Walikuwa wameletewa programu mpya ya kompyuta. Wenzake wote walisema wameielewa, lakini hakuna aliyeifungua mara ya pili. Mimi niliishia darasa la nane, na huona haya mbele ya watu. Hata hivyo nilikubali.

Jumatatu alfajiri nilitembea hadi Kithyoko, nikapata nafasi kwenye lori la matikiti. Tulipofika Matuu dereva aliniuliza ninaenda kufanya nini. Nikamwambia ninaenda kusoma.

Saa nane mchana, Athi River. Mutheu alinionyesha chupa yenye kiasi kidogo cha unga mweupe, kazi yake ya miezi mingi. Unga huo ungetosha kutengeneza dawa moja tu ya malaria ya kujaribu, naye alikuwa na michoro mitatu ya maumbo ya dawa hiyo ya kuchagua. Programu hukadiria ni mchoro upi utakaomshika kijidudu cha malaria vizuri, kama mpini unavyokaa kwenye tundu la jembe.

Kioko, aliyeiandika programu hiyo, alinikaribisha kwa utani. "Usiogope, kijana. Hata mbuzi wa mama yangu wangeiweza."

"Basi walete," Mutheu akasema.

Nilisoma nikifuata kwa kidole. Mwishoni ikatokea orodha ya michoro, kila mmoja na namba yake, kuanzia juu: hasi tano, hasi saba, hasi tisa. Nikachagua mchoro wa juu. Kioko akaniuliza kwa nini.

Nilitaka kunyamaza, lakini nilikuwa nimetoka mbali. "Shuleni, matokeo yakibandikwa, anayeongoza huwa juu."

Kioko akaacha kutabasamu. Alieleza kwamba katika hesabu hii, kadiri namba inavyoshuka chini ya sufuri ndivyo dawa inavyoshika zaidi. Nilikuwa nimechagua unaoshika kidogo kuliko yote.

Mutheu aliishika chupa kwa mikono miwili. "Kioko, hata mimi nilichagua huo. Kesho asubuhi ningeanza kuutengeneza."

Hadi Jumatano tulikaa watatu mbele ya skrini. Kila niliposema sijaelewa, Kioko alibadilisha sehemu hiyo ya programu. Juu kabisa sasa upo mchoro wa hasi tisa, na pembeni yake pameandikwa, "Huu unashika zaidi." Wakemia wengine wakaanza kuvuta viti, mmoja mmoja, wakiuliza mambo waliyokuwa wameyaficha.

Alhamisi nilirudi Kivaa. Mutheu anatengeneza dawa ya mchoro ule uliokuwa chini. Kama itaua vijidudu, maabara ndiyo itakayosema. Zamani nilidhani anayesema "sijaelewa" anawachelewesha wenzake. Siku hizi naukumbuka ule unga kidogo ndani ya chupa, na neno hilo nalisema mapema.