Injini Chini ya Kiti cha Katikati

Harufu ya oili ya moto ikichanganyika na sponji ya kiti iliyochakaa, hata leo, hunifanya nijikune mapaja. Msinicheke. Utoto wangu nusu nzima niliumaliza nikiwa nimekalia injini.

Gari la Baba lilikuwa la mizigo, lile la pua bapa, na injini yake ilijificha chini ya viti vya mbele. Kila siku ya likizo tulitoka nalo nyumbani Kagarama kwenda Gisozi, upande wa pili wa Kigali, ambako Baba aliuza vitanda. Yeye kwenye usukani, Mama mlangoni kwa ajili ya miguu yake iliyovimba, na mimi katikati, juu kabisa ya moto, nimetandikiwa kanga kuukuu. Dirisha si langu, mlango si wangu. Nikisogea huku namuumiza Mama, nikisogea kule nazuia gia.

Baba mdogo, ndugu yake Baba aliyesoma mpaka akapata kazi ya ofisini, naye alikuwa na gari, la chini, la pua ndefu. Yalikuwa magari ndugu: kiwanda kimoja, injini ya jina moja. Ila lake lilipanda milima ya Kigali kama halina habari, na letu liliguna mpaka watembea kwa miguu wakatupita wakituonea huruma.

Mwaka nilipomaliza shule ya msingi, Baba mdogo alihamia Kampala. Akaomba amchukue dada yangu Zuhura akasome huko, na mimi pia, tukaishi kwake. Baba akasema aende Zuhura peke yake. Mama hawezi kusimama, na dukani panahitajika mtu. Mtu huyo nilikuwa mimi, na hakuna aliyeniuliza.

Siku ya safari tuliwasindikiza mpaka njia panda ya Sonatubes, gari letu nyuma ya lao, na vitanda vyetu juu ya paa. Msongamano ukatubana hapo. Gari la Baba mdogo likapenya, likaondoka na dada yangu, na sisi tukabaki tumezingirwa na malori, huku pikipiki za abiria zikijichomeka kila upenyo. Joto lilipanda kutoka chini. Nilitaka kupiga kelele nishushwe, lakini ningeshukia wapi?

Nikauliza kwa hasira, "Baba, kama injini ni moja, mbona letu halina nguvu?"

"Injini iko moja," akasema. "Ila ile iko mbele, upepo unaipiga. Hii imelazwa ubavu chini yetu, haina hewa. Wangeiachia pumzi yote ingetuchoma. Halafu hii iko ya kubeba. Wakaipunguzia mbio, wakaiachia ivute mzigo polepole."

"Nani kaamua?"

"Waliolitengeneza. Kila gari na kazi yake."

"Na wasingeipunguza? Ingekimbia kama ile?"

Malori mbele yetu yalisogea kidogo, na Baba hakusogea. Nyuma wakaanza kupiga honi.

"Ingeweza, Salma," akasema. "Ingeweza vizuri tu."

Mama akanishika goti. "Ihangane, mwana wanjye," akaninong'oneza, maana yeye hubembeleza kwa Kinyarwanda. Sikutaka kuvumilia. Niliamini Baba amekiri mbele yangu kwamba nami ningeweza, na bado ananipeleka Gisozi kufuta vumbi vitandani. Nilimchukia njia nzima, na miaka kadhaa baada ya hapo.

Leo duka ni langu. Zuhura ni daktari, tunapendana, na sina kinyongo naye hata kidogo. Lakini tulipomzika Baba, Baba mdogo alikaa nami uani akaniambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kulitaja nyumbani. Baba ndiye aliyekuwa na akili ya shule. Ndiye aliyemfundisha mdogo wake kusoma, kabla babu hajamtoa yeye Baba darasani aje akae dukani.

Nililia kuliko nilivyolia makaburini. Kumbe pale Sonatubes hakuwa akinizungumzia mimi. Alikuwa akijijibu mwenyewe, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ningependa kuwaambia kwamba hapo nilimsamehe yote, na karibu nimsamehe. Kinachonizuia ni kwamba alijua, kuliko mtu yeyote katika nyumba ile, jinsi inavyouma kubaki, na bado alinibakiza.