Pamba Masikioni

Mimi ni mtu wa ndani. Kutoka Junda kwenda Changamwe kwangu ni safari ya kuaga watu. Nashona kofia kitandani, nakula kitandani, na kama choo kisingekuwa uani, nadhani jua ningelisahau. Basi nilipomsikia mwalimu mmoja kwenye simu akisema kwamba roho yaweza kutoka ikazunguka dunia huku mwili umelala, niliona kama nimeandaliwa mimi. Safari isiyotaka viatu.

Mwalimu huyo alikuwa mtu wa bara, sauti laini kama ya muuza magodoro. Alisema kuna milango saba, na anayeivuka yote hufunguliwa: huona yaliyofichika, huamuru mambo yakawa, hata majini humwamkia. Mlango wa kwanza ni kulala chali, mikono sawasawa, masikio yamezibwa, shuka jepesi mpaka usoni, halafu uhesabu pumzi hadi ujione uko juu ya mwili wako. Kidato cha nne fizikia iliniangusha vibaya, kwa hiyo sikuwa na hoja ya kumpinga.

Shangazi yangu alikuwa na njia yake. Yeye ni muosha maiti. Akifariki mwanamke kwetu, yeye ndiye aitwaye. Lakini magoti yamemchoka na vidole vimepinda kwa baridi yabisi, na mwaka mzima alikuwa akitafuta wa kumwachia kazi. Siku moja nilijitokeza mwenyewe. Alinitazama, akatikisa kichwa.

“Mikono unayo,” akasema. “Mdomo ndio siuamini.”

Muosha hasemi alichokiona. Alama, jeraha, uso ulivyobadilika, vyote huachwa pale pale maji yalipomwagika. Nami, wallahi, nilikuwa siwezi kulala na siri ya nani kapika nini. Nilipomwambia kwamba basi nitafunguliwa kwa njia ya yule mwalimu, alicheka puani.

“Wataka kufunguliwa? Sali kwa wakati, kauguze mgonjwa, funga mdomo. Hayo ya simu ni uganga ule ule, sema huu una chaji.”

Nilicheka naye. Lakini iliniuma. Nilitaka aniamini, na sikujua naanzia wapi.

Basi nikaanzia kitandani. Baada ya adhuhuri nilikizungusha kitanda nielekee kibla, kwa tahadhari tu: nikitoka nikashindwa kurudi, nisiwape watu kazi ya kunigeuza. Masikioni nikatia pamba. Shuka langu lilikuwa kwenye kamba, limerowa, kwa hiyo nikajifunika bafta nyeupe niliyonunua ya kukatia kofia. Nikahesabu pumzi.

Kilichofuata mpaka leo sikijui. Dari ilishuka, au mimi nilipanda. Niliuona utando wa buibui kwa karibu kabisa, na chini nikauona mguu wangu, kisigino kimepasuka. Huenda ulikuwa usingizi. Lakini ndoto zangu mimi huwa na chakula.

Huku nyuma jirani yangu akaja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Alisukuma mlango akakuta mtu amenyooshwa kibla, amefunikwa bafta kama sanda, pamba masikioni. Hakupiga kelele. Alidhani ameshatangulia mtu kuniweka sawa. Alisoma inna lillahi, akanifungia mlango kwa adabu, akaenda kumwita muosha.

Nilipofumbua macho, shangazi ameniinamia, anachomoa pamba ya sikio la kushoto. Jirani amesimama mlangoni, macho mekundu.

“Umefika wapi?” shangazi akaniuliza.

“Darini.”

“Na huko darini hukumwona jirani yako akiingia?”

Niliahidiwa kuona yaliyofichika, na jirani yangu si mwanamke wa kufichika, tena alikuwa amevaa viatu vya plastiki vinavyolia.

“Mimi nishalia machozi nusu,” akasema jirani. “Nayarudisha wapi?”

“Yaweke, dada. Siku yangu ipo.”

Shangazi hakucheka. “Vaa buibui lako,” akaniambia. “Kuna mama amefariki Utange, nilikuwa njiani kwenda. Msaidizi wangu ana homa. Leo sina mwingine.”

Sijui kwa nini niliondoka bila kubisha, mimi niliyekuwa nabisha kwenda dukani. Huko Utange nilimimina maji pale aliponionyesha, kuliani kwanza, kisha kushoto. Maji ya majani ya mkunazi, na ya mwisho yenye kafuri. Ilipofika nywele, zilikuwa za kusukwa mikia mitatu. Shangazi alijaribu mara mbili, vidole vikakataa. Akasogea pembeni. Nikasuka mimi.

Na hapo nikaona jambo. Silisemi.

Nakiri hata sasa kalamu inawasha. Darini nilielea na sikuelewa kitu. Utange mgongo uliniuma, maji yalinirowesha mpaka miguuni, na sikuelewa zaidi. Kama huko ndiko kufunguliwa, mbona nilijihisi kama niliyetiwa komeo? Nilitaka kumuuliza shangazi, lakini alikuwa akiisomea maiti dua, midomo tu inacheza.

Tuliporudi jirani alikuwa akitusubiri barazani, kiti ameshaniwekea.

“Haya, leta. Ilikuwaje?”

Shangazi alisimama nyuma yangu akijifanya kuitengeneza leso yake.

“Maji yalikuwa vuguvugu,” nikasema.

“Na yeye?”

“Tumemuosha.”

“Najua mmemuosha. Nauliza alikuwaje.”

“Tumemuosha, dada.”

Jirani alinitazama kama mtu aliyenyimwa futari. Kisha akaichukua mbuzi yake ya kuazima, akaenda zake amenuna. Nilitaka kumwita arudi. Neno lilikuwa limekaa kabisa kwenye ulimi, na nikalimeza, na halikushuka vizuri.

Shangazi hakunisifu. Aliifunga leso, akaanza kushuka barazani kwa upande, goti moja baada ya jingine.

“Nikikupigia, uje,” akasema bila kugeuka.

“Inshallah.”

“Inshallah ya kuja, au inshallah ya kulala?”

Ilinibidi nifikiri.

“Ya kuja,” nikamwambia.