Nilimzuia Nesi Asitazame Miguu ya Mama Mdogo

Msinihurumie. Mama yangu mdogo amekatwa mguu, na aliyeukatisha ni mimi, kwa mdomo wangu huu.

Shule niliiacha mapema, nikawa mtu wa kuhamahama. Nimekata mkonge, nimelima mwani Kigombe, nimekuwa kibarua kwenye pantoni ya Pangani. Popote ninapofika lazima niulize kitu hiki kinafanyaje kazi, mpaka watu wanichoke. Niliporudi Tanga, mama mdogo, ndiye aliyenilea, alinipokea kwake Makorora. Ana kisukari. Macho yake yameanza kufifia na kiuno hakimruhusu kuinama.

Basi mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka kliniki. Nesi alimgusagusa nyayo kwa uzi mgumu, mama kafumba macho, akimuuliza kama amehisi. Sehemu nyingi hakuhisi kitu. Nikauliza maswali mpaka foleni ikaguna. Nesi akanieleza kwamba kisukari kinaua hisia za miguu: mtu anachomwa na mwiba asijue, kidonda kinaoza na yeye anatembea tu. Akanifundisha kumtazama kila siku, unyayo, kisigino, katikati ya vidole. Nilitoka pale kifua mbele kama niliyepewa cheti.

Nikamtazama vizuri, kwa muda. Halafu nikachoka. Ndiyo, nilichoka! Mimi kitu nikishakijua, hamu yake inaniisha.

Ikaja harusi ya binamu yangu Pangani. Wanawake walimpaka mama mdogo hina, na nyayo wakazijaza piko zikawa nyeusi tii. Akacheza pekupeku na wenzake uani, palepale walipokuwa wakivunja nazi na kuchochea moto kwa vifuu.

Tuliporudi akaniambia, "Nitazame miguu, mwanangu. Mie huko chini sioni."

Jirani alikuwa amefungua injini ya boti yake, na mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kuiona ndani. Nikamjibu nikiwa mlangoni kwamba miguu yake ni ya bi harusi, haina neno. Akacheka. Kila aliponiuliza tena nilimjibu hivyohivyo.

Siku ya kliniki, nesi akamwambia avue viatu. Bingwa wa maneno nikaingilia: "Nesi, mama katoka harusini, usimsugulie hina yake. Nimemtazama asubuhi, hana kitu."

Mzee mmoja kwenye foleni akadakia, "Mwacheni bi harusi wa watu." Watu wakacheka. Mama mdogo akajifunika uso kwa mtandio, naye akacheka.

Nesi hakucheka. "Umetazama mpaka katikati ya vidole?"

"Mpaka katikati ya vidole."

Akaniamini. Aliniamini kwa sababu ya yale maswali yangu! Asiyejua kitu angesema sijui, na nesi angetazama mwenyewe. Mimi nilijua, na kujua kwangu ndiko kulikoupa uongo wangu nguvu.

Haikuchukua muda nyumba ikaanza kunuka. Nikalaumu dagaa wa jirani. Kisha mama akashikwa na homa, akatetemeka, na nilipokuwa nikimlaza ndipo nikaushika ule mguu. Chini ya piko palibonyea kama embe lililooza. Hospitali walichomoa kipande cha kifuu karibu na kidole gumba. Usaha ulikuwa umeshapanda. Wakakata chini ya goti.

Ndugu walipokuja kumpa pole, wengine wakasema ni jicho la watu wa harusini, wengine wakasema ni kadari. Nikakaa pale nikinywa nao kahawa, nikiitikia. Mwoga mkubwa! Kadari haikufungua mdomo kliniki. Nilifungua mimi.

Walipoondoka nilimweleza mama mdogo kila kitu. Akaniuliza, "Tangu tutoke harusini hukunitazama hata siku moja?"

Nikasema hata siku moja.

"Nimekusamehe, mwanangu. Ila huu uliobaki usiuguse."

Wewe unayeishi na mgonjwa wa kisukari, piga magoti umtazame, kwa jicho na kwa mkono. Akitaka hina, apakwe mikono, nyayo ziachwe wazi. Na kama hukumtazama, mwambie nesi kwamba hukumtazama. Utaona aibu, foleni itakucheka, na aibu hiyo utaiacha palepale getini.

Usinifuate mimi. Kila jioni binti wa jirani anaingia na tochi kumtazama mama mdogo mguu wake mmoja, na mimi niliyefundishwa kazi hiyo naambiwa nitoke nje.