Harufu ya Profesa

Mdogo wangu ananuka panya, na nyumbani tumemtania mpaka tumechoka. Anafanya kazi katika chumba cha panya chuoni, akichunguza jinsi jike anavyochagua dume. Anaweka pamba yenye mkojo wa dume huyu kona moja, na ya dume yule kona nyingine, kisha anamwachia jike katikati na kusubiri aende anakotaka. Kwa hiyo hapaki marashi wala mafuta yenye harufu. Sabuni yake ni ya mche. Shangazi, tunayeishi naye, anasema ndiyo maana haolewi.

Alichokuwa akikitaka kwa kufa na kupona ni nafasi moja ya uzamivu katika utafiti huohuo. Nafasi ilikuwa mikononi mwa profesa, mtu mzima mwenye wajukuu.

Siku ya usaili profesa alimwambia wakutane mlemle kwenye chumba cha panya. Akaja amejimwagia marashi hadi macho yanawasha, yeye mwenyewe aliyeyapiga marufuku! Akafunga mlango. Mdogo wangu ndiyo kwanza alikuwa amemwachia jike katikati. Mkono wa mzee ukamtua kiunoni, juu ya koti jeupe la kazi.

"Wanaoitaka hii nafasi ni wengi, mrembo. Jioni tukae mahali patulivu, mimi na wewe, tuone."

"Niondolee mkono, Profesa."

Akauondoa, huku anacheka. Jike alikuwa amejikunyata palepale, hakwenda huku wala kule. Profesa akamnyooshea kidole panya yule. "Utaratibu unaujua. Asiyechagua tunamtoa."

Alitusimulia usiku, tukila. Shangazi akanimaliza kabisa alipomwambia: "Si ungemchekea tu kidogo, mwanangu? Kucheka kunakupunguzia nini?" Niliacha chakula nikatoka nje.

Mdogo wangu alilifua lile koti, akalirudia, na harufu ikabaki palepale kiunoni. Asubuhi alipoingia kazini, panya aliowalea mwenyewe walimkimbia wakajificha. Kwenye mlango wa ofisi ya profesa palikuwa na tangazo jipya la nafasi ileile: wanawake wanahimizwa kuomba. Binti mmoja alikuwa amesimama akilisoma, anatabasamu.

Mdogo wangu akavua koti, akalitundika kwenye kitasa.

"Njoo unuse," alimwambia yule binti. "Halafu ndiyo uombe."