Ngollo Amwelekeza Baba Yake Nyumbani

Baba yangu, Ngollo Masolwa, alikuwa mrina asali wa upande wa Usinge, mtu wa kutembea porini siku mbili na kuufikia mzinga wake bila kuuliza njia. Mtu huyo huyo, tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa mwaka 1974, alipotea kati ya kisima na nyumbani. Aliingia kwa jirani, akavua viatu, akaagiza maji ya kunywa. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Nyumba zilipangwa mistari sita, zote sawasawa, na miti yote ilikuwa imekatwa. Lakini kilichomkosesha baba raha hasa ni marehemu babu. Kwetu ukihama, unakwenda kwanza kaburini, unanyunyiza unga uliokorogwa na maji, unamweleza mzee unakohamia na njia ya kufika. Sisi lori lilikuja asubuhi, na saa nne tulikuwa juu yake pamoja na kuku na vyungu. Babu hakuagwa. Tangu hapo mahindi yakidumaa, au mama akiumwa miguu, baba alisema mzee anatutafuta na hatuoni. Mimi Bernadeta, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, nilimjibu kuwa mahindi yanataka samadi. Nilikuwa na majibu mengi siku zile.

Mwaka 1977 wanakisomo wetu walizawadiwa safari ya kwenda na familia zao kuangalia tembo katika pori la akiba. Pori lenyewe lilikuwa lile lile tulilotoka, mpaka wake ukiwa umeyameza mahame yetu. Baba, ambaye darasani kwangu alikuja kusinzia tu, alikuwa wa kwanza kupanda lori, kapakata kibuyu. Nikadhani ni uji wa njiani.

"Tangu lini watu wanafunga safari kuangalia tembo?" mama aliuliza. "Si tulikuwa tunawafukuza kwa madebe?"

Na barua ya kuomba safari niliiandika mimi.

Silasi, askari wa wanyamapori, alitusalimia vizuri na kutukataza kushuka. Lori likazimwa karibu na mkwaju mkubwa. Chini yake tembo tisa walikuwa wakiokota ukwaju bila haraka. Wenzetu wakapiga vigelegele, lakini baba alisimama akashika ubao wa lori.

"Huu mkwaju wa kwetu."

Nilitazama, sikuona nyumba wala ua wa minyaa. Halafu nikayaona mafiga ya mama, yote matatu, na tembo jike kasimama kando yake. Tulikuja kuangalia wanyama, nao walikuwa uani kwetu wakitutazama sisi wageni.

"Mwanangu, niache nishuke," baba alimwambia Silasi. "Baba yangu kalala pale, nyuma ya yule jike."

"Samahani sana, mzee. Yule ana mtoto, atakuua."

Baba akanigeukia mimi, kama vile mwalimu lazima ajue la kufanya. Mimi nikamtazama Silasi. Ndipo akafungua kibuyu, akanyunyiza unga wa maji nje ya lori, ukadondokea majanini mbali kabisa na kaburi.

"Baba, tulihama," alisema kwa sauti. "Hatukukuaga, utusamehe. Ukitaka kuja, fuata mto mpaka kwenye mninga wenye mizinga yangu. Vuka hapo, ushike njia ya zamani ya wapagazi mpaka uone kijiji. Ukishaingia kijijini..."

Akakwama.

"Ukishaingia kijijini..."

Hapakuwa na mti wa kuutaja, wala kichuguu, wala kijito. Niliona midomo yake inatafuta, nikamwonea huruma, nikamnong'oneza: "Mstari wa nne, nyumba ya kumi na moja."

"Bernadeta, babu yako hajui namba."

Mama akaanza kulia. Mimi nilisimama pale na cheti changu cha ualimu, sijui nimshike nani. Tembo waliendelea kula. Baba akakiziba kibuyu taratibu.

"Basi, baba, usije," alisema. "Kaa hapa hapa. Kule utapotea."

Tulirudi jua likiwa bado juu. Baba alishuka wa mwisho, akaitazama ile mistari sita, kisha akaninyooshea mkono nimpeleke nyumbani.